Harambee Hailipi Mshahara wa Machi

Barua ya chuo ilikuwa mezani, chini ya sahani ya maandazi, na mafuta yalikwisha kuila pembe moja. Mwenye barua ni mama mzaliwa wa Uvira, aliyefika hapa Greensboro, North Carolina, na watoto watano baada ya miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Binti yake wa pili amekubaliwa na vyuo viwili. Kimoja ni chuo kikuu cha jimbo chenye maelfu ya wanafunzi. Kingine ni chuo kidogo cha Wamarekani Weusi, chenye mamia tu. Mama alitaka ushauri, nami nikawaita watu wawili ambao tangu niwafahamu hawajawahi kukubaliana. Mmoja ni Mwalimu, Mkenya aliyestaafu baada ya kufundisha hisabati miaka 22 katika chuo cha namna hiyo hiyo. Wa pili ni Mhasibu, mtu wa Tanga, ambaye kazi yake ni kukagua vitabu vya taasisi zisizo za faida, vyuo vikiwamo. Majina yao waliyaacha mlangoni pamoja na viatu.

Neno moja kwa msomaji aliye mbali. Sheria ya Marekani ya 1965 inavitambua kama vyuo vya kihistoria vya Weusi vile vilivyoanzishwa kabla ya 1964 kwa kusudi la kuwasomesha Wamarekani Weusi. Viko kama 100. Vingine ni vikubwa na ni mali ya majimbo, kama A&T hapa hapa mjini, chenye wanafunzi zaidi ya 10,000. Hivyo havikutuweka macho siku ile. Tulizungumzia vile vidogo vya binafsi, vingi vikiwa vya makanisa, ambavyo kila baada ya miaka michache tunasikia kimoja kiko mahututi.

MAMA: Mimi ninataka kujua jambo moja. Nikimpeleka mtoto kule, watakula minervali yangu halafu wafunge mlango?

(Mwalimu husema karo, Mhasibu ada, Mama minervali. Nimeyaacha yote matatu. Mlipaji ni yuleyule.)

MWALIMU: Mama, swali lako ni la haki. Lakini kabla hujauliza kama watafunga, uliza kwanza ni nani angekufungulia. Kutoka hapa tulipoketi hadi Bennett ni dakika kumi kwa gari. Chuo hicho kilianza 1873, na tangu 1926 ni cha wanawake. Februari 1958 Martin Luther King alitakiwa kuhutubia mji huu. Kumbi zikamkataa, hakuna aliyetaka lawama. Mkuu wa Bennett wakati huo, Willa Player, akamfungulia kanisa la chuo. Miaka miwili baadaye vijana wanne wa A&T walipoketi kwenye kaunta ya Woolworth kudai wahudumiwe kama watu, wasichana wa Bennett walikuwamo katika mgomo ule na wakajaa mahabusu. Chuo kikubwa cha jimbo kilikuwa wapi?

MHASIBU: Mwalimu wangu, shikamoo kwanza, maana naona tumeanza bila salamu.

MWALIMU: Marahaba. Sema.

MHASIBU: Hayo yote ni kweli na hakuna anayeyabisha. Lakini mwaka 1958 Bennett ilikuwa na jambo ambalo leo haina: msichana Mweusi mwenye akili wa Carolina hakuwa na pengine pengi pa kwenda. Ubaguzi ulikuwa ukiwaletea wateja. Siku milango mingine ilipofunguliwa, chuo kidogo kikabaki na historia yake na bili ya umeme. Mwaka 1976 katika kila wanafunzi Weusi 100 wa vyuo Marekani, 18 walikuwa katika vyuo vya Weusi. Mwaka 2020 walikuwa 9.

Hapo niliingilia, maana jambo hilo lina kaburi lake. Pale Harpers Ferry, West Virginia, palikuwa na chuo kiitwacho Storer. Nnamdi Azikiwe, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Nigeria, alipitia pale miaka ya 1920. Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua mwaka 1954 kwamba shule za ubaguzi ni haramu, jimbo likasema basi hakuna tena haja ya kukipa pesa chuo cha Weusi. Mwaka 1955 Storer ikafungwa. Leo majengo yake yamo ndani ya hifadhi ya taifa, na watalii wanapiga picha. Ushindi uliosherehekewa na nchi nzima uliwakuta walimu wa Storer wakifunga mizigo.

MWALIMU: Umeona? Hata haki ikija, sisi ndio tunalipishwa nauli yake.

MAMA: Sijajibiwa.

Alikuwa sawa, hakuwa amejibiwa. Mhasibu akavuta karatasi, akaomba kalamu.

MHASIBU: Dada, nikuoneshe chuo kidogo kinavyokufa. Hakifi kama mti unaoanguka. Tuseme kina wanafunzi 500. Huu ni mfano tu, si chuo chochote. Ada iliyoandikwa ni kubwa, lakini familia hazina, kwa hiyo chuo chenyewe kinasamehe sehemu, serikali inaleta Pell, ruzuku ya wanafunzi wasio na uwezo, na mwisho kila kichwa kinaacha, tuseme, dola 15,000. Zidisha. Ni milioni saba na nusu. Sasa mwaka mmoja wanafunzi 60 hawakurudi. Mmoja baba yake kafukuzwa kazi, mwingine gari limekufa, mwingine mkopo umekataliwa. Imeondoka laki tisa. Lakini paa ni lilelile, boila la bweni ni lilelile, mlinzi wa usiku ni yuleyule. Huwezi kumpunguza mlinzi kwa asilimia 12. Unachelewesha nini? Kwanza unaacha kupaka rangi. Halafu unaacha kuziba nafasi ya mwalimu wa kemia aliyestaafu. Halafu unachukua pesa ya mfadhili iliyotolewa kwa maabara, unalipia mishahara, ukijiambia utairudisha. Hapo ndipo mimi ninaitwa.

MWALIMU: Na hao 60 wanaondoka kwa nini? Mwishoni mwa 2011 serikali ilibana masharti ya mkopo wa wazazi, Parent PLUS. Maelfu ya wazazi walioonekana wanafaa mwaka uliotangulia wakaambiwa hawafai, kwa doa la zamani kwenye rekodi zao za madeni. Hakuna mkuu wa chuo aliyekula pesa ya mtu pale. Kalamu ya Washington tu. Mimi nilikuwa na darasa la watoto 24. Baada ya Krismasi wakarudi 17.

MHASIBU: Na sasa inabana tena. Kuanzia Julai 2026 mkopaji mpya hawezi kuchukua mkopo huo zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka kwa mtoto mmoja, wala zaidi ya 65,000 kwa jumla. Dada, hilo lishike, linakuhusu.

MAMA: Mimi sikopi. Nilishakopa Nyarugusu.

Hakueleza alikopa nini, nasi hatukuuliza.

MWALIMU: Tuseme ukweli juu ya mfuko, ndugu yangu mkaguzi. Wakfu wa Harvard peke yake umepita dola bilioni 50. Kusanya wakfu wa vyuo vyote vya Weusi, vyote mia, hufikii hata robo ya hiyo. Wakfu unatoka wapi? Kwa waliosoma. Na waliosoma kwetu wana nini? Hesabu za benki kuu ya nchi hii za mwaka 2022 zinasema familia ya kati ya Wazungu ina mali ya dola 285,000. Familia ya kati ya Weusi, dola 44,900. Wanafunzi wangu wananipigia simu wakiwa na miaka arobaini, bado wanalipa deni la chuo. Nitamwomba huyo mchango wa bweni?

MHASIBU: Sikatai.

MWALIMU: Sijamaliza. Chuo kikitaka kujenga kinauza hati fungani. Mwaka 2019 watafiti wanne walichapisha uchunguzi wao: vyuo vya Weusi vinalipa gharama kubwa zaidi kuuza hati zao kuliko vyuo vingine, hata pale ambapo hatari ya kutolipwa ni ileile. Na pengo ni pana zaidi Alabama, Mississippi na Louisiana. Kwa hiyo yule mnayemwita mzembe analipia ngozi yake kwanza, halafu ndiyo anaanza kulipia matofali. Na mwaka 2023 mawaziri wawili wa Marekani, wa elimu na wa kilimo, waliwaandikia magavana 16 kwamba majimbo yao yamevinyima vyuo vya Weusi zaidi ya dola bilioni 12 katika miaka thelathini!

MHASIBU: Hapo ninakusimamisha, Mwalimu. Hiyo bilioni 12 ni ya vyuo vya majimbo vilivyopewa hadhi ya vyuo vya kilimo kwa sheria ya 1890. Tennessee State, kwa mfano, inadai zaidi ya bilioni mbili. Chuo kidogo cha kanisa hakina hata senti ndani ya deni hilo. Likilipwa kesho lote, Bennett itaamka na bili zake zilezile. Tukichanganya madeni haya, Mama atadhani msaada uko njiani.

Mwalimu alinyamaza, akachovya andazi kwenye chai. Mkaguzi alikuwa amempata. Wengi wetu tunaotetea vyuo hivi tunafanya kosa hilo: tunakusanya dhuluma zote katika kikapu kimoja, na asiyetupenda anachomoa moja isiyohusika, kisha anamwaga kikapu kizima.

MHASIBU: Nakupa na mfano mwingine. Morris Brown, Atlanta, 1881. Kilijengwa na Weusi wenyewe, kanisa la AME, bila mfadhili wa kizungu, na hilo ni jambo la kujivunia. Mwaka 2002 kikanyang'anywa ithibati. Kosa halikuwa umaskini peke yake. Pesa ya serikali iliyotolewa kwa ajili ya wanafunzi ilitumika kuziba mashimo mengine, na maofisa wawili wa chuo wakaja kukiri makosa mahakamani. Kilikuwa na wanafunzi wapatao 2,500. Wakabaki makumi. Bila ithibati mwanafunzi hapati Pell wala mkopo wa serikali, na asiyepata hivyo haji. Kilirudishiwa ithibati mwaka 2022. Miaka 20, Mwalimu! Mtoto aliyezaliwa siku kinafungiwa alikuwa mwaka wa pili wa chuo siku kinafunguliwa.

MWALIMU: Lakini kilirudi. Wewe ulishakichimbia kaburi.

MHASIBU: Jengo lilirudi. Wale 2,500 walikwenda wapi?

Swali hilo lilikaa mezani muda mrefu kuliko lilivyokusudiwa. Mama ndiye aliyelichukua, na alipolichukua hakulitumia dhidi ya Mwalimu wala Mhasibu.

MAMA: Kwetu Uvira serikali iliacha kulipa walimu. Mimi nilikuwa mdogo, miaka ya tisini. Wazazi na mapadri wakasema shule isife, kila mzazi atoe prime, ndiyo mshahara wa mwalimu. Mama yangu alikuwa anauza ndagala. Alitoa. Kila mwezi alitoa. Na shule haikufungwa hata siku moja, muulize mtu yeyote. Lakini mtoto ambaye hana prime, saa mbili asubuhi directeur anasoma majina, anarudishwa nyumbani. Dada yangu alirudishwa mara nyingi mpaka akaacha. Shule iko hadi leo. Dada yangu anajua kuandika jina lake tu. Kwa hiyo mnaposema chuo kilipona, mimi ninauliza, kilipona na nani?

Nakiri kwamba hadi hapo nilikuwa upande wa Mwalimu. Nina mapenzi na vyuo hivi ambayo si ya hesabu. James Aggrey aliyezuru Kenya, Uganda na Tanganyika mwaka 1924 na tume ya Phelps-Stokes alikuwa amesoma na kufundisha Livingstone College, mwendo wa saa moja hivi kutoka hapa. Peter Mbiyu Koinange alitoka Kiambu akaja Hampton, Virginia, mwaka 1927. Kwame Nkrumah ni wa Lincoln, Pennsylvania. Vyuo ambavyo havikuwa na pesa ya kutosha kupasha moto mabweni vilipokea vijana wa Afrika wakati vingine vinashangaa kuwaona. Kwangu kuona kimojawapo kinafungwa ni kama kusikia nyumba ya mjomba imepigwa mnada. Lakini Mama alikuwa ametenganisha vitu viwili ambavyo mimi nilikuwa navitaja kwa pumzi moja.

MWALIMU: Mama, pole kwa dada yako. Lakini tusiseme watu hawakujitahidi. Desemba 2018 Bennett iliambiwa na chombo cha ithibati cha majimbo ya kusini kwamba inaondolewa kwa sababu ya fedha tu. Masomo hayakuwa na kasoro. Wakapewa nafasi ya kukata rufaa. Wakatangaza harambee: dola milioni tano kabla Februari haijaanza vizuri. Mama, niliiona kwa macho yangu. Bibi kizee alileta hundi ya dola ishirini. Makanisa yalipitisha vikapu. High Point University, chuo cha jirani cha watu wenye nazo, kilitoa milioni moja. Waliomba tano, wakapata zaidi ya nane! Kisha?

MHASIBU: Rufaa ikakataliwa.

MWALIMU: Rufaa ikakataliwa! Hivi mlitaka watu wafanye nini tena?

Mwalimu anapofika hapa husimama, na hata siku hiyo alisimama.

MHASIBU: Keti, Mzee wangu. Najua inauma. Lakini anayekupa ithibati hakuulizi kama leo una pesa. Anakuuliza kama utakuwa nazo mwaka kesho mwezi kama huu. Milioni nane zilizokuja kwa mshituko wa siku sitini zinaonesha kwamba unapendwa. Hazioneshi kwamba wanafunzi watarudi. Harambee inalipa deni la jana. Hailipi mshahara wa Machi, na Machi inakuja kila mwaka.

MWALIMU: Na upendo si rasilimali?

MHASIBU: Ni rasilimali isiyo na tarehe. Benki haiipokei.

Kwa haki ya Bennett niseme kilichofuata. Chuo kilikwenda mahakamani, kikaendelea kufundisha, na baadaye kikapata ithibati kwa chombo kingine, TRACS, ambacho kinahudumia vyuo vya Kikristo. Ndicho pia kilichoipokea Morris Brown. Paul Quinn ya Dallas ilipita mlango huohuo mwaka 2011. Wapo wanaosema kwa sauti ya chini kwamba huo ni mlango wa uani. Mhasibu ni mmoja wao, ila alipobanwa alikubali kwamba Wizara ya Elimu ya Marekani inautambua, na Pell inapita humo kama kwingine. Mimi sioni aibu ya mlango wa uani kama ndani kuna chakula.

Paul Quinn yenyewe ilitupatia dakika chache za amani. Rais wake Michael Sorrell, aliyeshika kazi 2007, alikuta majengo yaliyotelekezwa, akayabomoa. Timu ya futiboli ya Kimarekani ilikuwa inakula pesa, akaifuta, na uwanja wake mwaka 2010 ukageuzwa shamba la mboga. Tangu 2017 kinahesabiwa miongoni mwa vyuo ambavyo kila mwanafunzi hufanya kazi kama sehemu ya masomo, na ada ikapunguzwa. Mama alifurahi sana kusikia habari za shamba. Akataka kujua wanapanda nini.

MHASIBU: Jambo la maana pale si mchicha, dada. Ni kwamba kuna mtu alikubali kukata kitu kinachopendwa. Futiboli kwa Texas ni dini.

MWALIMU: Basi Fisk nao walikata kitu kinachopendwa, na sijui kama ulifurahi. Mwaka 1871 Fisk ya Nashville ilikuwa inafilisika, watoto tisa, wengi wao wakiwa wametoka utumwani juzi tu, wakaenda kuimba mji kwa mji, wakafika Ulaya, wakaimba mbele ya Malkia Victoria, wakarudi na pesa ya kujenga Jubilee Hall. Chuo kikaokolewa kwa koo za watoto. Miaka mia na zaidi baadaye kikabanwa tena. Safari hii kikauza nusu ya haki yake katika kazi za sanaa 101 alizowapa msanii Georgia O'Keeffe mwaka 1949, kwa dola milioni 30, kwa jumba la makumbusho la binti wa ukoo wa Walmart huko Arkansas. Kazi hizo zinakaa huku miaka miwili, kule miaka miwili. Kama mtoto wa wazazi walioachana.

MHASIBU: Afadhali mtoto wa talaka kuliko yatima. Unajua kilichoipata Saint Augustine's, hapo Raleigh? Chuo cha 1867. Mapema 2024 mishahara ikakosekana. Baadaye mwaka huohuo wakachukua mkopo wa dola milioni saba, ardhi ya chuo ikiwa rehani, riba asilimia 24. Asilimia 24, Mwalimu! Hata mkopeshaji wa sokoni kwetu Tanga hukuangalia usoni kabla ya kukutajia hiyo. Walikuwa na wanafunzi zaidi ya 1,000. Mwaka 2025 walikuwa wamebaki kama 200. Fisk iliuza nusu ya haki yake, bado iko na ithibati yake.

MWALIMU: Na kwa nini walikwenda kwa riba hiyo? Kwa sababu mwenye riba ya asilimia sita hakupokea simu.

MHASIBU: Huenda. Na huenda walipiga simu wamechelewa miaka mitatu.

Kuhusu kuunganisha vyuo, tulipita haraka, maana wote wawili walikubali kwamba si dhambi: Huston na Tillotson waliungana Austin mwaka 1952, Atlanta University na Clark mwaka 1988, na vyote viko hai. Mama alisema ndoa ya wenye njaa wawili inazaa mtoto mwenye njaa. Mhasibu alijibu kwamba inategemea nani ana sufuria.

Msomaji atauliza juu ya matajiri. Mwaka 2020 MacKenzie Scott aligawa mamia ya mamilioni ya dola kwa vyuo vya Weusi zaidi ya ishirini, bila masharti. Prairie View A&M ya Texas, chuo cha jimbo, ilipata milioni 50. Mwezi Desemba mwaka huohuo bunge likafuta mikopo ya ujenzi ya vyuo hivi ya takribani dola bilioni 1.3. Kwa hiyo si kweli kwamba hakuna anayesaidia. Ila msaada wa namna hiyo hupenda kwenda kwa aliyekwisha kusimama, na chuo chenye wanafunzi 400 mara nyingi hata ofisi ya kuandika maombi ya ufadhili hakina. Anayeandika ni makamu mkuu, usiku, baada ya kufundisha.

Binti alikuwa jikoni muda wote. Alikuja kuchukua vikombe, akasimama na sinia mkononi.

BINTI: Samahani, wazee. Wakifunga nikiwa mwaka wa pili, yale niliyosoma yatahesabiwa?

Hakuna aliyekuwa amefikiria hilo. Tulikuwa tumemaliza birika mbili za chai.

MHASIBU: Inategemea. Chuo chenye ithibati kikifungwa kwa utaratibu, kinatakiwa kiwe na mpango wa kuwahamishia wanafunzi kwingine na masomo yao. Kikikosa ithibati kwanza ndipo kikayumba, masomo unayoyafanya baada ya hapo vyuo vingine vinaweza kuyakataa. Kwa hiyo, mwanangu, usiulize tu kama wana ithibati. Uliza barua ya mwisho ya ithibati ina tarehe gani, na kama ina neno onyo au majaribio.

MWALIMU: Mimi nitakueleza jambo ambalo huyu hawezi kulikagua. Mshahara wangu ulichelewa mara mbili katika miaka ile 22, na mara zote niliambiwa na benki, si na mkuu wangu. Hilo sijalisamehe. Lakini katika chuo kile, mtoto akikosa vipindi viwili, nilikuwa ninajua bweni lake na ninagonga mlango. Binti, shule uliyosoma hapa ina wanafunzi wangapi?

BINTI: Kama elfu mbili.

MWALIMU: Nani alijua kutamka jina lako?

BINTI: Mwalimu wa bailojia. Mwaka wa mwisho.

MAMA: Siku tuliyokwenda kutembea kile chuo kidogo, yule mama wa mapokezi alimwita jina lake lote, na la baba yake. Mimi nililia ndani ya gari. Mtoto hakuniona.

BINTI: Nilikuona.

Hukumu yangu, kwa kuwa mimi ndiye mwenye nyumba, ni hii. Kipimo cha ithibati si dhuluma. Mtu anayemkabidhi mtoto ana haki ya kujua kama nyumba ina paa. Umaskini wa vyuo hivi nao si uzembe, kwa sehemu kubwa ni umaskini wa familia zao ulioandikwa kwa hesabu kubwa. Yote mawili nayashika, na sioni yanavyopingana. Ninachowalaumu nacho wakuu na bodi za vyuo vingi vidogo ni ukimya. Wanawatangazia watu harambee siku ambayo mlango uko nusu, lakini miaka mitano kabla ya hapo, wakati mkaguzi anaandika onyo lake la kwanza, hawakumwambia mzazi, mwalimu wala mwanafunzi. Huwezi kumwomba bibi kizee dola ishirini zake na kumficha hesabu.

Mhasibu alimwandikia Mama vitu vya kutafuta nyuma ya bahasha. Vyuo vya binafsi visivyo vya faida vinajaza fomu ya kodi iitwayo 990, na mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma bila malipo. Humo kuna mapato, matumizi, na mshahara wa mkuu wa chuo. Wizara ya Elimu nayo hutoa alama ya uwezo wa kifedha kwa kila chuo cha binafsi, kuanzia hasi 1 hadi 3, anayefikisha 1.5 anahesabiwa anasimama mwenyewe. Mwalimu aliongeza swali lake kwa mwandiko mbaya: katika wanafunzi 100 walioanza pamoja, wangapi walirudi mwaka wa pili?

Mama atapiga simu Jumatatu asubuhi. Mwalimu amesema atakuwa pembeni yake, asije akazungushwa. Wewe unayesoma haya ukiwa Nashville, Dallas au Raleigh, una barua kama hiyo mezani, piga na wewe. Uliza mwezi wa mwisho ambao mishahara ilichelewa. Chuo kizima kitakujibu bila kukasirika. Nayo barua yako inataka jibu kufikia tarehe 1 Mei.